Jina Lililotamkwa Mjini

Wawindaji wetu siku hizi hurudi kimya kimya. Wanainama kupita mlango wa upande wa mto, wanatua mizigo, kila mmoja anakwenda kwenye machela yake ya kutundika kunyoosha miguu, na hakuna sauti inayowapokea. Zamani mtu hakuvuka mlango ule bila kupita kwanza mdomoni mwa mama mdogo.

"Haya, shemeji! Umetuletea nini leo? Huyo ni kima au ni panya aliyepanda mti?"

"Ni kima, shemeji. Mkubwa alikimbia."

"Mkubwa hakukimbia. Alikuona unavyovuta upinde, akawaambia wenzake, huyu hana madhara, tuendelee kula."

Kicheko kilianzia jikoni kwake kikazunguka na paa, jiko kwa jiko, mpaka kikamfikia tena kwa upande wa pili. Nyumba yetu ni duara moja, uwanja katikati na watu pembeni, na neno la upande huu halina pa kujificha lisisikike upande ule. Hata aliyechekwa alicheka. Mwindaji kwetu hali nyama aliyoiua kwa mkono wake, hula ya mwenzake, na mama mdogo alikuwa na la kusema hata juu ya hilo: "Ndiyo maana mnakosa shabaha. Nani ataulenga mlo wa jirani kwa moyo wote?"

Sasa upande ule una pengo. Magogo ya jiko lake yamelala yametazamana, majivu yake yameshikana kwa unyevu. Hakuna aliyesogeza machela yake ili kuliziba. Mama mdogo hajafa, na aliye hai hanyang'anywi mahali pake.

Ni mdogo wa mama yangu, tumbo moja. Walizaliwa juu milimani, katika nyumba ambayo leo ni msitu mtupu. Alikuwa binti mdogo wachimba dhahabu wa kwanza walipopanda mto na kikohozi chao. Watu walikufa kwa kufuatana hata walionusurika wakakosa nguvu ya kukata kuni. Bibi yetu alifia njiani, walipokuwa wakiihama nyumba. Wakamfunga katika majani, wakamweka juu ya jukwaa la miti msituni, wakakimbia, kwa nia ya kurudi kumchoma watakapopata nguvu.

Waliporudi jukwaa lilikuwa limeanguka na wanyama wamekwishapita. Wanaume wakasimama wanalia. Mama mdogo akaomba kikapu, akaingia kwenye vichaka, akaanza kuokota. Mama yangu aliniambia kwamba alitambaa siku nzima kwa mikono yake, akifunua majani jani kwa jani, hataki kusaidiwa. Alitoka na kikapu kimejaa. Mifupa ikachomwa, ikatwangwa, na majivu yake ndugu wakayanywa katika uji wa ndizi mbivu, kila mtu akilia kwa sauti yake. Siku ile bibi alipata kupanda mgongoni mwa mbingu wanakokaa wafu wetu, na jina lake halikutamkwa tena. Mimi sijawahi kulijua.

Nadhani tangu siku ile mama mdogo aliamini kwamba hakuna mfu asiyeweza kuokotwa.

Akakua, akaolewa na baba mdogo, mtu mpole anayesema maneno machache kwa sababu mkewe aliyachukua yote. Alikuwa hodari wa kusuka. Vikapu vyake vya mgongoni, vile vya ukanda wa gome unaopita kichwani, vilibeba muhogo hadi mwanamke akapinda shingo lakini kikapu kisipinde. Tulipokwenda kuvua kwa utupa, wanawake wote ndani ya kijito, maji kiunoni, yeye ndiye aliyepiga majani ya utupa kwa gongo huku akiwatukana samaki mmoja mmoja waliokawia kulewa.

Watoto wake wawili wa kwanza hawakukaa. Kisha miaka mingi hakuna kitu, mpaka watu wakaacha kumtania. Kisha, nywele zikianza kugeuka, akampata msichana.

Sitalitaja jina la mtoto huyo. Litoshe kwamba alikuwa dada yangu mdogo, na kwamba alirithi mdomo. Alipokuwa na umri wa kuanza kubeba kikapu chake mwenyewe, kidogo kama kiota, alikuwa akisimama kando ya mama yake jioni na kuwangoja wawindaji.

"Baba, huyo ndege umemuua au ulimkuta anaumwa?"

Baba mdogo alikaa chini akacheka hadi machozi. "Nilidhani nimeoa mmoja," alisema. "Kumbe nimeoa wawili."

Halafu wachimba dhahabu wakarudi. Hatukuwaona kwanza, tuliuona mto. Uligeuka rangi ya udongo na haukurudia rangi yake tena. Mashimo waliyoyaacha yakajaa maji yaliyosimama, mbu wakajaa mashimoni, na homa ikaingia nyumbani mwetu ikachukua jiko baada ya jiko. Mashamba yakakosa wa kulima. Tulikula ndizi mbichi za kuchemsha, na kuna siku wa kuzichemsha hakuwapo.

Mtoto alishikwa na homa wakati mama yake naye yuko chini. Muuguzi wa kituo cha afya, Edilene, alikuja kumpima, akasema damu imekwisha, lazima apelekwe mjini. Ndege ndogo ikatua kwenye uwanja wa nyasi. Ndani mlikuwa na wagonjwa wa nyumba nyingine, na rubani akasema kwamba amebakiza nafasi ya mtoto tu.

Mama mdogo alitembea hadi pale akiwa ameshikwa huku na huku.

"Mimi nitakaa wapi?" aliuliza.

"Wewe utakuja na ndege inayofuata," alisema Edilene. "Mimi ninakwenda naye. Sitamwacha peke yake."

"Nitakaa sakafuni. Mimi si mzito, angalia, mbu wamekwisha kunila."

"Mama, ndege haitaruka."

Mtoto alikuwa amelazwa ubavu, midomo imekauka. Mama yake akampaka rangi nyekundu ya mzingifuri mashavuni kwa kidole, kwa sababu mtu haendi ugenini uso mtupu. "Usiwacheke sana wageni," alimwambia. "Wao hawajazoea." Mtoto akatabasamu upande mmoja. Mlango ukafungwa.

Mvua ikaanza siku hiyohiyo, na mawingu yakalala juu ya miti. Ndege inayofuata haikuja. Tuliisubiri redio ya kituo kila asubuhi, na asubuhi moja sauti ya mjini ikasema kwamba yule mdogo wa nyumba yetu amefariki. Ikasema tena, kana kwamba inatufariji, kwamba amekwisha kuzikwa.

Wapo watu ambao neno hilo la pili huwatuliza. Kwetu lilikuwa baya kuliko la kwanza. Kuzikwa maana yake amewekwa chini, kwenye baridi, udongo mdomoni, aoze taratibu peke yake miongoni mwa watu asiowajua. Mfu asiyepata moto hana njia ya kupanda. Anabaki hapahapa chini anazunguka, ana njaa, anatafuta jiko la mama yake. Wanawake wakajipaka weusi wa maombolezo mashavuni, tukalia, lakini kilio chetu hakikuwa na mwisho wala mwanzo, kwa sababu hakukuwa na moto wa kulilia.

Kwa desturi vitu vya aliyekufa huchomwa pamoja naye, na hata njia aliyozoea kupita hufutwa. Mjomba, kaka yake mama mdogo, ambaye ni mganga, akaja kumwambia kwa upole kwamba vitu vichomwe hata hivyo.

"Nichome kikapu chake, na yeye mwenyewe yuko baridi?" mama mdogo akasema. "Kitamfuata nani? Vitapanda juu vikamngoje huko, na yeye yuko chini anavitafuta?"

Genivaldo, kijana wa nyumba yetu aliyewahi kufanya kazi mjini na kurudi na kaptula na maneno mengi, akajitia katikati.

"Shangazi, wageni wote wanazika. Mbona hawadhuriki?"

"Hawadhuriki?" Mama mdogo akamtazama. "Umekaa nao, hujawaona? Hawalali, hawashibi, wanachimba kila mahali wanatafuta kitu hawajui ni nini. Wafu wao wako chini ya miguu yao wanawavuta. Ningekuwa na mfu chini ya mguu, na mimi ningechimba."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya kwa kucheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka akituchekesha.

Mvua ilipopungua alipanda ndege. Alichukua kikapu kipya alichosuka mwenyewe, kidogo, chenye mfuniko. Baba mdogo alimuuliza atabaki huko mpaka lini. Akajibu, "Mpaka kijae."

Yaliyotokea mjini tuliyapata kwa Valdecir. Huyu ni mtu wetu, wa mto mwingine, hana undugu nasi. Anafanya kazi ya ukalimani katika nyumba ya wagonjwa wa msituni, nje kidogo ya mji wa Boa Vista. Alikuja kwetu baadaye kutusimulia, na alisimulia akiangalia chini.

Alimpeleka kwanza makaburini, kwa kuwa mama mdogo alidhani kwamba akifika tu atajua. Wakaingia langoni. Mahali ni peupe, jua kali, mawe yamepangwa kama mbegu za shamba. Mama mdogo akawa anatembea polepole akiangalia chini kama mtu anayefuata nyayo. Akasimama kwenye jiwe moja.

"Mwanangu, hivi vilivyochorwa hapa ni nini?"

Valdecir alitamani asijue kusoma. "Majina, mama."

"Ya nani?"

"Ya wao. Walio chini."

Alizunguka akayatazama mawe yote yale, safu kwa safu, mpaka ukutani. Kisha akajifunika macho kwa mkono, akasema, "Wote hawa wanaitwa mchana kutwa? Watapumzika saa ngapi?" Akamwomba amshike mkono amtoe nje, maana hakutaka kufumbua macho tena.

Upande wa nyuma kulikuwa na vilima vidogo vya udongo visivyo na mawe, vipya, vimebanana. Valdecir alijua kwamba watoto wa msimu ule wa homa walilazwa huko, nao walikuwa wengi, wa mito yote. Hakujua nani yuko wapi.

Kwa hiyo wakaenda ofisini. Dada mmoja alikuwa amekaa nyuma ya kioo na kompyuta, mtu mwenye adabu, wala hakuwafukuza. Aliwapa viti. Akasikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo kwake lilikuwa dogo kuliko yote.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Valdecir hakulitafsiri. Akamwambia yule dada kwamba huyu ni mama yake, kwamba mtoto alikuwa wa kike, kwamba alikuja kwa ndege wakati wa mvua.

"Nimeelewa. Lakini bila jina sina pa kuanzia, kaka. Walikuja wengi mno. Nipe jina."

Mama mdogo akamwuliza Valdecir mwanamke anasema nini. Akaona hana budi, akamwambia.

Kulitaja jina la aliyekufa kwetu ni kumpiga mfu na walio hai pamoja. Wanaume wametwangana marungu vichwani kwa jina moja lililoponyoka. Na mama, mbele ya mtu baki? Valdecir alisema kwamba mama mdogo alikaa akiangalia kikapu chake mapajani kwa muda mrefu, hata watu waliokuwa nyuma yao kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Akilijua jina atanipa mifupa?"

"Atatafuta, mama. Akimwona, tutaomba."

"Basi toka nje, mwanangu."

"Mama, huyu hajui lugha yetu, nani atakutafsiria?"

"Kuna nini cha kutafsiri hapo? Toka. Usilisikie wewe."

Akatoka, akasimama upande wa pili wa mlango wa kioo. Aliona mdomo wa mama mdogo ukifunguka. Aliona yule dada akiinama mbele, akiweka mkono sikioni, na mdomo ukifunguka tena, na tena. Jina letu ni gumu kwa vinywa vya wageni. Kisha yule dada akaanza kulisema mwenyewe, akilijaribu vipande vipande huku anapiga vidole kwenye kompyuta, akitikisa kichwa. Hatimaye akageuka kwenye kiti akamwita mwenzake aliyekuwa mbali, kwa sauti kubwa, amwulize kama amewahi kumwona mtoto wa jina hilo. Mwenzake naye akalirudia kutoka kule alikokaa. Valdecir aliziba masikio lakini hakuziba mapema. Alituambia kwamba mama mdogo alikuwa amejikunja kwenye kiti kama mtu anayepigwa mawe.

Jina halikuwamo.

Halikuwamo kwa sababu halikuwahi kuandikwa. Valdecir hakuchoka, aliulizia mpaka akapata simu ya Edilene, ambaye alikuwa amehamishiwa mkoa wa mbali. Edilene alilia kwenye simu. Alisema kwamba pale mapokezi walitaka jina, na yeye aliyeishi nasi alijua kwamba hatupendi majina yetu yachezewe, tena jina la mtoto aliye mahututi. Basi akampa la kigeni, lolote, ili la kwake libaki salama. Ndivyo alivyowafanyia watoto wote aliowapeleka msimu ule, Maria huyu, Ana yule.

"Huyu ulimpa lipi?" Valdecir aliuliza.

"Sikumbuki," alisema. "Mungu wangu, Valdecir, walikuwa wengi. Sikumbuki."

Nimemfikiria sana huyo Edilene. Sijaweza kumchukia. Alifanya kile ambacho yeyote wetu angemwomba afanye.

Mjomba alizungumza na mama mdogo kwa redio. Tulikuwa tumejaa pale kituoni, baba mdogo amekaa chini mlangoni.

"Dada, rudi nyumbani. Matunda ya rasa yameiva, miti imeelemewa. Hatuna wa kututukana tukiikwea."

Redio ikakwaruza. "Mnazo rasa? Mzichemshe vizuri. Mke wako huzitoa kabla hazijaiva."

"Njoo umfundishe."

"Siji, kaka."

"Kwa nini?"

"Nimemwita."

Mjomba akashusha kile chombo cha kusemea, akakiinua tena. "Umemwita nani?"

"Unajua nani. Nilimwita mimi, na wageni wakamwita, ofisi nzima ikamwita. Alikuwa analala pale chini, labda angesahau. Sasa amekuja. Nikifua nguo bombani anavuta sketi yangu. Nikila ananitazama mdomo."

"Dada, njoo naye. Nitaimba. Mimi na wenzangu tutampandisha."

"Mtampandisha kwa nini? Moto uko wapi? Mifupa iko wapi? Na akikataa kupanda? Kaka, yule anapenda kucheza. Atafika hapo, atawaona watoto wenu, atataka wenzake."

Mjomba ni mganga tangu ujana wake, amepigania wagonjwa tuliokwisha kuwakatia kuni. Alishika chombo kile mpaka redio ikaanza kuita nyumba nyingine.

Baba mdogo aliinuka akasema, "Kama yuko naye, basi wako wawili huko, na mimi niko mmoja hapa." Ndege iliyofuata aliipanda. Alikaa huko mwezi mmoja hivi, akarudi amekonda, akatundika machela yake jikoni kwa mjomba. Alisema kwamba mjini hakuna pa kuwinda, na mkewe alikuwa akigawa chakula mara mbili, sahani moja akiisogeza pembeni. Alimbembeleza warudi. Akamjibu, "Nenda wewe. Wakikosa nyama watasema mimi ndiye niliyekuzuia." Hakucheka alipolisema.

Kuna wanaosema mjini kwamba miaka fulani ikipita vilima vile hufukuliwa, na mifupa hukusanywa mahali pamoja. Valdecir ameulizia siku hiyo itakuwa lini, akaambiwa hili na lile. Mama mdogo haulizi tena mambo ya ofisi, amekataa kuvuka mlango wa ofisi yoyote. Asubuhi anasuka. Wagonjwa wanaotoka kwenye mito yetu humkuta pale wanapofika, huwasaidia akina mama wenye watoto wachanga, na watoto wanaoweza kutembea huwakataza wasimkaribie.

Yuko Boa Vista hadi leo. Anaishi katika nyumba ya wagonjwa, ingawa haumwi, kwenye banda la mwisho kabla ya uzio.